Ridi namba 3 na nusu siyo ushujaa

Najua nimepotea hapa kijiweni wiki mbili nzima, majaribio ya semista yamenibana mpaka basi. Leo sina umbea wa kampasi wala habari za bumu (halijatoka, msiniulize). Leo nataka tugombane kidogo kuhusu klarineti.

Kisa chenyewe ni hiki. Klabu yetu ya muziki ina klarineti tatu tu, na mwaka huu walijiunga wapya watano. Mpaka juzi wamebaki wawili. Nikamfuata mmoja wa walioacha, dogo wa mwaka wa kwanza kutoka Muheza, nikamuuliza vipi. Akasema hana mapafu. Anapuliza mpaka anaona nyota, halafu inatoka hewa tupu, au mlio wa bata. Nikamuuliza alikuwa anapigia ridi namba ngapi. Namba 3 na nusu. Kapewa na mkubwa mmoja wa klabu, akaambiwa hizo ndizo za wanaume.

Jamani! Huyo dogo anacheza mpira dakika 90 kila Jumamosi pale uwanjani na hachoki. Mapafu anayo. Kilichomfukuza ni kijiti kisichozidi urefu wa kidole.

Kwa wale ambao hawajawahi kushika chombo hiki: ridi ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa klarineti kwa kikuku. Ukipuliza kinatetemeka, na huo mtetemo ndiyo sauti. Saksafoni nayo ni hivyo hivyo. Watu wa tarumbeta hawayajui mateso haya, wao kinachotetemeka ni midomo yao wenyewe. Mwanzi wenyewe ni jamii ya matete, unaitwa Arundo donax, na ule wenye sifa kubwa unatoka mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Unaachwa shambani kama miaka 2, unakatwa, unakaushwa juani, ndipo unachongwa.

Sasa ile namba kwenye ridi inasema kitu kimoja tu: ugumu. Siyo ubora, wala siyo darasa kwamba mwaka wa kwanza unapiga 1 na ukihitimu unapiga 5. Tena namba hazifanani baina ya kampuni. Vandoren namba 2 na nusu, zile za boksi la bluu, ni ngumu kuliko Rico 2 na nusu za boksi la rangi ya chungwa. Na kuna wapigaji wazuri sana duniani wanaopigia ridi laini, kwa sababu mdomo wa klarineti yao una uwazi mkubwa mbele. Kwa hiyo anayejisifia namba anajisifia kitu asichokielewa.

Msimamo wangu: mtu anayeanza apewe namba 2. Akiwa na midomo yenye nguvu, 2 na nusu, basi. Akae nayo miezi mitatu, minne. Siku akiona sauti inakuwa nyembamba, na noti za juu zinajifunga zenyewe akipuliza kwa nguvu, hapo ndiyo apande nusu. Asipande kwa sababu jirani kapanda.

Kuchagua. Sisi huku hatuendi dukani kushika moja moja, tunaagiza boksi la kumi na kusubiri mtu anayetoka Dar. Ndani ya boksi usitegemee kumi nzuri. Huu ni mmea, siyo msumari. Ichukue ridi uiangalie kwenye mwanga wa dirisha: utaona kivuli katikati kama moyo uliogeuzwa, na pande mbili zinatakiwa zilingane. Nyuzi zinyooke mpaka kwenye ncha. Rangi iwe ya dhahabu; yenye ukijanijani mimi naiweka pembeni, mwanzi wake haukukomaa. Ikiwa imeshafungwa, zungusha klarineti kidogo ili upande wa kushoto wa ridi uwe huru, puliza, halafu fanya hivyo kwa upande wa kulia. Upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine, utajua mwenyewe. Na namna ya kuiweka pia ina maana: ukitazama kwa mbele, weusi wa mdomo wa klarineti uonekane juu ya ridi kama unywele tu. Ukiipandisha inakuwa ngumu, ukiishusha inalainika. Dogo angeambiwa hilo tu angepumua.

Halafu kuizoesha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ridi mpya siku ya kwanza inasikika tamu, mtu anaipiga saa mbili mfululizo, kesho yake imekufa. Ule mwanzi umekaa mkavu muda mrefu, ukiunywesha maji ghafla na kuutetemesha kwa nguvu unalegea kabla haujatulia. Loweka dakika moja au mbili kwenye maji safi, piga taratibu noti za katikati dakika tano mpaka kumi, toa, futa, weka ikauke. Kesho ongeza kidogo. Siku ya nne, ya tano, ndiyo unaweza kwenda nayo mazoezini. Uwe na tatu au nne unazozungusha, usiing'ang'anie moja.

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Pwani hii ina zumari tangu enzi. Wadigo wanaipiga kwenye sengenya, upande huu wa Mkinga na ng'ambo ya mpaka Kwale. Ulimi wake ni wa jani la jamii ya minazi, tena ni kingo mbili zinazogongana siyo moja, na mpigaji anautengeneza mwenyewe. Mzee mmoja niliyemkuta kwenye harusi alikuwa na ndimi mbili za akiba zimening'inia kwa uzi pembeni ya zumari, na kabla ya kuanza aliuweka mmoja mdomoni, kimya, huku watu wanamwita aanze. Hakuanza mpaka ulimi ulipokubali. Kisha akapiga nusu saa bila kukata pumzi, hewa kaiweka mashavuni, nyingine anaivuta puani. Mkubwa wetu wa klabu angejifunza mengi pale kuliko kwenye video.

Maana hizo video na vitabu ndiyo ugomvi wangu wa pili. Vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako hita za ndani zinakausha hewa na ridi inapinda kama kaukau. Kwa hiyo wanakwambia ifungie kwenye kiboksi kisichopitisha hewa, weka kifuko cha unyevu. Kwa mtu wa Dodoma ushauri huo una maana. Tanga? Hapa masika ikianza Machi mkanda wa ngozi kabatini unaota ukungu! Ukiifungia ridi mbichi kwenye plastiki, baada ya siku chache utakuta madoa meusi, na hiyo ni ya kutupa, usiikwangue ukaendelea. Adui yetu ni unyevu.

Mimi natumia kioo cha fremu ya picha. Nikimaliza naifuta ridi, nailaza upande wa bapa juu ya kioo, naifunga kwa mpira wa kufungia noti, naiacha ipate hewa mezani mbali na jua. Ikikauka ndiyo inaingia kwenye kopo, na ndani kuna kitambaa chenye mchele, ule ule ujanja wa kwenye kikopo cha chumvi. Kamwe isibaki imefungwa kwenye klarineti usiku kucha. Na sukua kabla ya kupiga, hasa ukitoka kwenye chai ya maziwa na maandazi, sukari ni chakula cha ukungu. Raskazoni kunapendeza kupigia jioni, lakini siku za upepo ncha inakauka unapopumzika, utalia bata mbele za watu.

Kuna ridi za plastiki pia, kama zile za Légère za Kanada. Haziloweshwi, hazioti ukungu. Moja bei yake inakaribia boksi zima la kawaida, ila inakaa miezi. Kwa hali yetu ya hewa naona klabu ingenunua moja ya akiba kwa siku za shoo. Wapo watakaosema sauti yake siyo. Kwa masikio ya bwalo letu lenye mwangwi, sijui nani atatofautisha.

Kuazimana ridi, hapana. Nasema hapana. Mafua ya bweni yanatosha.

Basi Ijumaa tunaagiza boksi moja la namba 2. Tupo wawili, anatafutwa wa tatu, kila mtu ridi tatu, ile ya kumi tutaipigia kura. Anayetaka aniachie ujumbe hapo chini kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, aje na hela taslimu, siyo ahadi ya bumu.