Mugutha, Tuanze na Majina Kumi

Jirani zangu wa Mugutha, wenye vioski na wenye ploti, mafundi wa kuchomelea, akina mama mboga, vijana wa boda boda, nanyi mnaorauka kuwahi matatu za 237 kabla nauli haijapanda: nina ombi kwenu, na kwa leo si mchango.

Tukikaa kwa kinyozi au kwenye kibanda cha chai, mazungumzo hayakawii kufika palepale. Wageni wametuingilia kwenye biashara. Pesa za serikali za kuwainua wadogo zinatangazwa redioni, hapa hazionekani. Na taka, taka, taka. Tunayasema kama mambo matatu ya ofisi tatu. Mimi nayaona ni shauri moja. Kibali cha kazi, leseni ya biashara na cheti cha mazingira vimegeuka kuwa risiti: ukishalipa, umemalizana na serikali, nayo imemalizana nawe. Wa kuuliza kinachofuata baada ya malipo ni sisi, na hatuulizi, kwa kuwa kila mtu yuko peke yake nyuma ya kaunta yake.

Nianze na wageni, maana ndio wanaotupandisha hasira upesi. Mwanzoni mwa 2023 duka la China Square lilifunguliwa katika jumba la Unicity, penye Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya barabara hii hii yetu ya Thika. Bei zake zilikuwa za chini, watu wakamiminika. Wafanyabiashara wa Nyamakima na Kamukunji, ambao wengi wao nao huagiza bidhaa kutoka China, waliona riziki inawaponyoka, na Februari wakaandamana katikati ya Nairobi. Waziri wa Biashara wa wakati huo, Moses Kuria, alisema Wachina wanakaribishwa kuja kutengeneza bidhaa, si kuzichuuza, akajitolea hata kununua mkataba wa upangaji wa duka hilo ili upewe wafanyabiashara wenyeji. Duka likafungwa kwa muda, likafunguliwa tena, na leo lina matawi. Miaka minne kabla ya hapo, Juni 2019, Wachina saba waliokuwa wakiuza Gikomba na Kamukunji walikamatwa na kurudishwa kwao. Tulishangilia. Lakini ni nani kati yetu anayeweza kusema kibanda chake kilinona baada ya siku ile?

Sheria haiko kimya. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, mgeni anayetaka kufungua biashara huomba kibali cha daraja G, na hutakiwa kuonyesha mtaji usiopungua dola 100,000, karibu shilingi milioni 13. Anayekuja kuajiriwa huombewa kibali cha daraja D, na mwajiri anapaswa kueleza kwa nini Mkenya wa kazi hiyo hakupatikana. Kwa hiyo ile sheria tunayoililia barabarani tayari imeandikwa. Tunachokosa ni ukaguzi usiosubiri maandamano, tena usiogeuzwa kuwa njia ya mtu kujitafutia chai.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa kuwa hasira haina macho. Mrundi anayezungusha njugu za kukaanga, Mganda anayefua na kupiga pasi, Mkongo anayeuza vitenge, hawa si China Square. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliwafungulia raia wa nchi wanachama mlango wa kufanya kazi na biashara kwa taratibu zilizowekwa, sisi kwao na wao kwetu. Mkimbizi naye anatambuliwa haki ya kufanya kazi katika Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Julai 2025 Tanzania ilipotoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu na saluni, Wakenya walipaza sauti, na walikuwa na haki. Tusimfanyie Mrundi wa njugu yale yaliyotuuma walipofanyiwa ndugu zetu Arusha. Wenye ploti nadhani mko upande wangu katika hili. Kodi ya nyumba haijawahi kuulizwa uraia.

Sasa tazama upande wa pili wa mizani. Mgeni anatakiwa aje na milioni 13. Mwenyeji, mfuko wa serikali wa Hustler Fund ulipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, aliwekewa mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, alipe ndani ya siku 14. Shilingi 500 haijazi kreti ya nyanya. Sidharau mkopo huo. Riba yake ni nafuu mno ukiilinganisha na ya zile programu za simu zinazompigia mama mkwe wako ukichelewa kulipa. Ila siku 14 ni muda wa mchuuzi anayenunua alfajiri na kumaliza kuuza jioni. Fundi anayetaka mashine yake mwenyewe ya kuchomelea, au mama anayetaka friji ya maziwa, siku 14 zitampita hata kabla hajapata mteja wa kwanza.

Pesa za maana kidogo zimewekwa mahali ambapo mtu mmoja hafikii. Tangu Juni 2023 Hustler Fund ina mkopo wa vikundi unaofika hadi shilingi milioni 1, kwa riba ya asilimia 7. Uwezo Fund, iliyozinduliwa 2013, hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu bila riba, kwa ada ya usimamizi ya asilimia 3 tu. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa makundi hayohayo matatu. Zabuni si madaraja na mabarabara peke yake. Ni madawati ya shule, sare, sabuni, mboga za jikoni, ukataji wa nyasi. Tuna maseremala hapa wanaotengeneza makabati ya kupendeza, lakini asiyesajiliwa hana wa kumtumia mwaliko wa zabuni. Vyama tunavyo tele, vya kuchangiana harusi, mazishi na mzunguko wa kila Jumapili, na nidhamu yake ingewashangaza wenye benki. Vingi havina cheti. Vinaishi kwenye daftari la katibu na kwenye kikundi cha WhatsApp.

Nije kwenye taka, ambapo mimi mwenyewe huishiwa na upole.

Sensa ya 2019 iliihesabu Ruiru, mji wetu, kuwa na watu 490,120, mji wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Tuliizidi Eldoret. Tuliizidi Kisumu, yenye historia ya zaidi ya karne na bandari yake ya ziwa. Kati ya Ruiru na Juja palipokuwa na kahawa na mkonge sasa pana vyumba vya kupangisha, na ardhi iliyokuwa ikitoa magunia ya kahawa inatoa magunia ya nepi, chupa na maganda. Jaa kubwa la kaunti liko Kang'oki, kule Thika, na limeelemewa. Lori lisipopita, tunafanya mojawapo ya mambo mawili: tunachoma usiku, moshi ukalale na watoto wetu, au tunaachia mvua ibebe.

Mvua hubeba kweli. Mto Ruiru na Mto Ndarugu huingia Athi. Athi mbele hubadilika jina, ikaitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mvuvi wa kule pengine hajawahi kulisikia jina la Mugutha, lakini majuala yetu anayatoa wavuni. Na hii ni nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 au kifungo. Bado ukinunua sukuma iliyokatwakatwa utafungiwa humo humo. Nina maoni yangu kuhusu faini hiyo. Mama mboga akiambiwa atalipa milioni 2, haogopi sheria; anajua tu kwamba bei ya kumnyamazisha askari imepanda. Afadhali faini ndogo inayotozwa kweli, na risiti ikatolewa.

Wapo watakaosema mazingira ni shughuli ya wenye viwanda, sisi tuachwe tutafute. Tuzungumze basi juu ya viwanda, maana kuanzia Ruiru hadi Thika vimetuzunguka na vimewalisha wengi wetu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuja mwaka 2007 na kazi, na watu wakakipokea. Kilipewa vyeti. Madini ya risasi yalipoingia kwenye damu ya watoto, mama mmoja aliyewahi kuajiriwa hapo, Phyllis Omido, alianza kuuliza kwa sauti. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaifuta, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kutoka kilipofika kiwanda hadi hukumu ya mwisho, ukumbuke kwamba wakati wote huo damu ilikuwa imeshaingia risasi. Kile cheti ukutani hakikumlinda mtu, kwa kuwa hakikufuatwa na usimamizi wa kutosha.

Sitaki tungoje hadi hapo. Ombi langu ni dogo na linawezekana wiki hii.

Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Kumi tu. Tafuteni kumi kwenye mstari wenu wa maduka, au kwenye steji yenu, au kati ya wenye ploti wa barabara moja. Andikeni katiba fupi, chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, mwende kwa afisa wa maendeleo ya jamii mkapate cheti. Kikundi hichohicho kiombe mkopo, kiombe zabuni, na kiingie mkataba na vijana wa kuzoa taka, ambao watakuwa na mahali pa kuanzia mkianza kutenga maganda na chupa nyumbani kama Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inavyotaka. Jirani mgeni mwenye karatasi zake, Mrundi au Mkongo, asikilizwe mkutanoni. Anatupa taka kama sisi na analipa leseni kama sisi.

Kisha kikundi kiende kaunti. Katiba, kifungu cha 196, inalibana bunge la kaunti lishirikishe umma, na kalenda inajulikana: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na Mswada wa Fedha unaopanga ada za leseni hufuata. Matangazo hutoka gazetini kwa herufi ndogo, mikutano huitwa siku ya kazi saa nne asubuhi, wakati mchuuzi hawezi kuacha meza. Ndiyo sababu wanaohudhuria huwa walewale, na ada hupanda huku tukisoma habari zake baadaye. Kikundi kinatatua hilo: wawili wanakwenda, wanane wanawaangalizia vibanda.

Msiende mikono mitupu. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kila raia anaweza kuiandikia ofisi ya umma, na afisa ana siku 21 za kujibu. Napendekeza barua ya kwanza ya Mugutha iulize haya: mwaka jana leseni ngapi za biashara zilitolewa katika wadi yetu, zilikusanya shilingi ngapi, na katika hizo ngapi zilirudi hapa kwa lori la taka, taa za barabarani na choo cha soko. Barua ya pili iende Uhamiaji na kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, iulize ukaguzi wa mwisho wa vibali vya kazi na wa viwanda vya eneo hili ulifanyika lini. Kwa sauti ya adabu, bila matusi, zikiwa na sahihi kumi. Sheria inaruhusu ziandikwe kwa Kiswahili. Na kama kuna mzee wetu asiyejua kusoma na kuandika mwenye swali lake, aende aliseme kwa mdomo. Kazi ya kuliandika ni ya afisa.