Barabara ya Kwenda Ngorongoro na Haki ya Mwendesha Baiskeli

Barabara kuu itokayo Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Ngorongoro, iliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo imekuwa mshipa wa uchumi wa wilaya nzima. Hupita humo magari ya utalii, mabasi ya abiria, na malori yanayoshusha vitunguu kutoka Mang'ola kwa njia ya Oldeani. Pembeni, mara nyingi juu ya changarawe, hupita baiskeli: mkulima na gunia lake la maharage, kijana na madumu ya maziwa, mwanafunzi anayewahi kengele. Kadiri mji wa Karatu unavyokua, tunapaswa kujiuliza: nafasi ya barabara hii inagawanywa kwa haki?

Si sahihi kulijibu swali hili kwa kulilaumu gari. Utalii unalisha waongoza wageni, wapishi na wakulima wa mboga. Na lori la vitunguu likichelewa, mkulima ndiye anayepata hasara. Hata hivyo, mwenye baiskeli yumo katika uchumi huohuo, naye hana bodi ya chuma ya kumkinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki.

Je, nafasi ipo? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara kuu. Kwa hiyo tatizo kubwa si ufinyu wa ardhi, bali ni mpangilio wa matumizi yake. Katika miji yetu, ukanda huo hugombewa na maegesho, bodaboda, mitaro na meza za wachuuzi. Nao hao wanatafuta riziki. Njia ya baiskeli inayojengwa kwa kuwafukuza, bila kuwapangia mahali pengine, itakuwa imehamisha tu dhuluma kutoka kwa mnyonge mmoja kwenda kwa mwingine.

Dar es Salaam inatufundisha jambo hapa. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2016 kwa urefu wa takribani kilomita 21, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini mahali ambapo usimamizi ulilegea, bodaboda na biashara ziliingia humo, na mwendesha baiskeli akarudi katikati ya magari. Mstari wa rangi peke yake haumlindi mtu; unahitaji ukingo wa zege na msimamizi anayewajibika.

Kwa maoni yetu, mizani ya haki haidai njia ya baiskeli kila mtaa. Pale magari yanapokwenda kasi, yaani katika barabara kuu ndani ya mji wa Karatu na kuelekea njiapanda ya Oldeani, baiskeli zitengwe na magari. Katika mitaa ya ndani, ambako fedha na upana havitoshi, mwendo upunguzwe ili wote watumie njia moja kwa usalama. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 linapendekeza 30 pale magari yanapochangamana na watu. Tofauti ya 20 ni ndogo kwa dereva, lakini kwa mtoto anayegongwa inaweza kuwa mpaka kati ya uhai na kifo.

Ugumu mwingine ni wa kiutawala. Barabara kuu iko chini ya TANROADS. Mitaa na njia nyingi za vijijini ziko chini ya TARURA. Viwanja na masoko vinapangwa na halmashauri. Mkulima wa Oldeani anayepeleka mazao mjini hupita mikononi mwa mamlaka hizo zote katika safari moja. Zisipopanga pamoja, njia yake itakatika pale anapoihitaji zaidi.

Mwaka 2007, Baraza la Kipapa la Shughuli za Kichungaji kwa Wahamiaji na Watu Wasiokuwa na Makazi Maalum lilitoa mwongozo wenye amri kumi kwa madereva, na mojawapo inawataka wamlinde aliye dhaifu zaidi barabarani. Tunaamini kwamba wajibu huo unamgusa pia mchora ramani, na unatugusa sisi raia. Wapima wanapofika kijijini, mkutano wa kijiji ndio mahali pa kuuliza baiskeli zitapita wapi. Swali hilo liulizwe mapema, kwani kubomoa mtaro uliokwisha kujengwa ni gharama ambayo halmashauri chache huikubali.