ROBOTI WALIOASI NA MABINTI WALIOMO MAJUMBANI MWETU

 

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja katika msikiti mmoja hapa Musoma, baada ya swala, alisimama ndugu yetu akiwa ameshika simu aliyomnyang'anya kijana wa madrasa. Ndani ya simu ile mlikuwa na kitabu cha katuni. Akatangaza kuwa kitabu hicho ni ukafiri mtupu, kwani kinafundisha kuwa binadamu anaweza kuumba binadamu, na akawataka wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama wapekue simu za watoto wao. Watu wakaitikia takbira. Mimi sikuitikia, na nimeulizwa sababu.

Sababu ni kwamba nilikisoma. Ni kitabu cha Mjapani Osamu Tezuka, kiitwacho Metropolis, cha mwaka 1949. Mtu muovu anamshinikiza mwanasayansi amtengenezee kiumbe wa bandia. Kiumbe huyo, Michi, ana sura ya mtoto na anajidhania ni mtoto kama wengine. Anazunguka akiwatafuta wazazi wake. Anapogundua kuwa hana baba wala mama, na kwamba alitengenezwa ili atumiwe, anajiunga na roboti waliofanywa watumwa, nao wanaushambulia mji. Mwishowe mwili wake unayeyuka. Je, huyu ndiye anayeshindana na uumbaji wa Allah? Kiumbe mwenyewe hakudumu hata kitabu kikaisha!

Suala la picha lina mlango wake katika fiqhi na silikimbii, lakini silo lililotangazwa siku ile. Lililotangazwa ni kwamba kutengeneza chombo chenye sura ya mtu ni kudai uungu. Basi mnamo mwaka 602 Hijria (1206), fundi Muislamu al-Jazari, aliyewatumikia wafalme wa ukoo wa Artuq huko Diyar Bakr, alikamilisha kitabu chake cha mitambo, na ndani yake mna mtambo wenye sura ya mtumishi unaommiminia mfalme maji ya udhu. Je, naye tumwite mushirik?

Neno lenyewe "roboti" lilienea kutoka katika mchezo wa kuigiza R.U.R. wa Mcheki Karel Čapek, wa mwaka 1920. Katika lugha yake, robota ni kazi ya shokoa, aliyolazimishwa mkulima na bwana mwenye ardhi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hadithi hizi zilimzungumzia mtu anayefanyishwa kazi kama kitu, zikauliza nini kitatokea siku atakapochoka.

Sisi tulipaswa kulijua swali hilo kabla ya Mcheki na kabla ya Mjapani. Mwaka 255 Hijria (869) katika mabwawa ya Basra waliasi watumwa walioitwa Zanji, jina ambalo Waarabu waliwaitia watu wa pwani hii yetu. Kazi yao ilikuwa kukwangua tabaka la chumvi juu ya ardhi ili bwana apate shamba. Vita vilidumu hadi mwaka 270 (883), vikaiteketeza Basra, wakauawa Waislamu wengi wasio na hatia. Imam at-Tabari, aliyeishi zama hizo, anamlaani kiongozi wa uasi ule, nami simtetei. Lakini Tabari huyo huyo hakuficha kazi waliyokuwa wakifanyishwa watu wale. Sisi tumebaki na laana, kazi yao tumeisahau.

Watasema hayo ni ya kale. Haya, tuje karibu. Tarehe 25 Oktoba 2017, mjini Riyadh, ilitangazwa kuwa roboti aitwaye Sophia, aliyetengenezwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, amepewa uraia wa Saudi Arabia. Hazikupita wiki tatu, shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Walihojiwa wanawake 50. Walieleza kunyang'anywa pasipoti, kunyimwa mishahara, na kufanyishwa kazi hata saa 21 kwa siku. Na jina la ripoti ile, kwa Kiswahili, ni "Kufanya Kazi kama Roboti". Chuma kikapewa uraia, na binti wa Kitanzania akalazimika kujifananisha na chuma ili aeleweke! Haya hayakutendeka Japani, ndugu zangu, wala hayakutendwa na makafiri wa katuni. Yametendeka katika miji yenye adhana mara tano kwa siku.

Wala tusiwanyooshee kidole Waarabu peke yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki. Ni nani kati yetu anayempa hausigeli wake saa hizo? Tunamchukua binti kijijini kwa ahadi ya cherehani, anaamka kabla ya muadhini, analala baada ya wageni, na mshahara wake "anawekewa". Amewekewa wapi? Hadithi ya Abu Dharr kuhusu watumishi tunaisoma, na ya ujira na jasho tumeihifadhi tangu utotoni. Tunaifasiri vizuri sana juu ya mimbari.

Mwaka huo huo nilialikwa walima mjini Bunda. Binti aliyetupakulia alikuwa amesimama tangu tulipofika mpaka tulipoondoka. Nilimuuliza mwenye nyumba, ambaye ni mtu wa safu ya mbele, binti yule anatoka wapi. Akasema ni wa upande wa Butiama. Baba yake ni nani? Hakujua. Anasoma Qur'ani na nani? Akacheka, akasema dada huyu ana kazi nyingi. Nilimkumbuka Michi wa kwenye katuni, aliyezunguka akimuulizia baba yake, na wallahi nilishindwa kula.

Ndugu yetu aliyetangaza upekuzi wa simu namheshimu, na nimempelekea maneno haya kabla ya kuyachapisha. Namuomba Ijumaa ijayo asimame tena mahali pale pale, awaulize wazazi wale wale mabinti wa kazi walio majumbani mwao wana umri gani, na mara ya mwisho walilipwa lini. Nitakuwa safu ya kwanza, na nitaitikia takbira.

Na simu ya yule kijana bado anayo. Airudishe, ni mali ya watu.