Adabu ya Kumjibu Mwanagenzi wa Programu: Hoja Kutoka Goma

Jumuiya za waandishi wa programu mtandaoni, yaani makundi ya watu wasiojuana ambao huulizana na kujibizana kuhusu maagizo yanayoendesha kompyuta, zimejiwekea kwa muda mrefu sharti moja kubwa: anayeuliza aonyeshe kwanza kwamba amehangaika mwenyewe. Mmarekani Eric Raymond alilieleza kwa kirefu mwaka 2001 katika mwongozo wake wa namna ya kuuliza, na hadi leo mgeni anayeuliza jambo jepesi huambiwa akatafute kabla ya kusumbua watu. Sharti hilo lina haki yake, kwa kuwa anayejibu hujitolea muda bila malipo, na swali lililokwisha kujibiwa mara mia humchosha hata mwenye subira. Lakini linamchukulia kila muulizaji kuwa ana umeme, mtandao usiokatika na Kiingereza cha kutosha, na linapotumika Goma, mashariki mwa Kongo, bila kupimwa huwahukumu wanagenzi kwa mambo yasiyohusu bidii yao.

Mwanafunzi wa informatiki mjini Goma, awe Chuo Kikuu cha Goma au katika vyuo vya ULPGL na ISIG, hufundishwa kwa Kifaransa, huzungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, kisha kompyuta humjibu kwa Kiingereza. Kibodi yake mara nyingi ni ya mpangilio wa Kifaransa, ambapo mabano ya mraba na ya mawimbi, alama ambazo programu nyingi haziendi bila hizo, hupatikana kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja, hivyo kuuliza yalipo ni swali halali kabisa. Zaidi ya hayo, kwa wengi mega, yaani data za mtandao, zimo ndani ya simu, na kompyuta haina mtandao. Ndiyo sababu mwanagenzi hupiga picha ya skrini kwa simu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, na wajuzi humkaripia kwa kutonakili maandishi, bila kujua kwamba kuyanakili kungemlazimu ayachape upya herufi kwa herufi. Anayejibu kwa adabu angemwomba mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa peke yake, kwa sababu katika Python, lugha ya programu ambayo wanagenzi wengi huanza nayo, mstari huo ndio unaotaja aina ya kosa, na mistari iliyo juu yake huonyesha tu mahali programu ilipopitia hadi kukwama.

Kuna swali moja linaloonyesha vizuri zaidi udhaifu wa sharti la kutafuta kwanza. Mwanagenzi anayetaka kukokotoa bei ya kilo mbili za jibini la Masisi, kwa mfano dola tatu na nusu kila kilo, huandika 3,5 kama alivyofundishwa tangu shule ya msingi, kwa maana katika hesabu za Kifaransa koma ndiyo inayotenga namba nzima na desimali. Python haimkatalii. Huichukua koma hiyo kuwa alama ya kutenga vitu viwili, ikaweka tatu peke yake na tano peke yake ndani ya fungu moja, na fungu hilo likizidishwa kwa mbili, badala ya saba hutoka tatu, tano, tatu, tano. Hakuna ujumbe wa kosa wa kunakili wala neno la kutafuta. Kuna jibu la ajabu tu na mtu anayeshuku akili yake. Mjuzi wa Nairobi au Dar es Salaam, aliyezoea nukta tangu utoto, huona uzembe mahali ambapo kuna elimu iliyofuatwa kwa uaminifu. Jibu la mstari mmoja, kwamba Python hutumia nukta na kwamba koma hutenga vitu, lingetosha, na dharau yoyote inayoongezwa juu yake haifundishi chochote.

Suala la salamu nalo lina uzito. Stack Overflow, tovuti ya maswali ya programu iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, huhesabu salamu na shukrani kuwa maneno ya ziada, na wahariri wake huziondoa. Kwa aliyelelewa Kivu, eneo ulipo mji wa Goma, kuingia kwenye mazungumzo ya wakubwa bila salamu ni utovu wa adabu. Wapo pia wanaoandika “habari zenu” kisha wakangoja kuitikiwa, na swali linafika saa mbili baadaye, aliyeweza kujibu akiwa amekwisha kuondoka. Salamu na swali viende katika ujumbe mmoja. Hapo heshima inabaki na muda haupotei.

Wanaotetea ukali husema kwamba kumpa mwanagenzi jibu zima ni kumlemaza. Hoja hiyo ni ya kweli pale mtu anapoleta zoezi la darasani likiwa tupu, bila hata mstari mmoja aliojaribu, na hapo ni haki kumrudishia kazi yake kwa upole. Haiwezi kuhalalisha matusi. Stack Overflow yenyewe ilikiri hadharani mwezi Aprili 2018 kwamba wageni wengi, hasa wanaoanza, waliiona kuwa mahali pakali. Mwishoni mwa 2022 ilikuja ChatGPT, mashine isiyomkaripia mtu, na maswali katika tovuti hiyo yakapungua sana. Hasara ipo, kwani mashine hiyo huweza kutoa jibu lenye kosa kwa lugha ya uhakika, na mwanagenzi ndiye asiyeweza kulitambua. Bado anahitaji mtu wa kumwambia kwamba hapo amepotoshwa.

Goma inawahitaji watu wa aina hiyo zaidi tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukasimama na wakazi wengi wakahama. Mwalimu aliye mbali amekuwa, kwa baadhi ya vijana, mwalimu pekee. Wasimamizi wa makundi ya Kiswahili, popote walipo, waandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Kifaransa unaoeleza koma na nukta, mabano ya kibodi na namna ya kusoma ujumbe wa kosa, waubandike juu ya kundi, na wakubali picha ya simu mradi mstari wa mwisho unasomeka.