Kumeza Uchungu Si Uanaume

Juzi mtangazaji mmoja wa redio aliigusia filamu ya “Metallica: Some Kind of Monster” ya mwaka 2004, akadai Metallica, bendi ya hevi metali, ilikwisha siku ilipomwita mshauri wa saikolojia. Mwanamume, akasema, humeza yake na kusonga mbele. Wenzake wakacheka. Nimechoka na maneno haya. Tunayasikia mimbarini, harusini, hata matangani, na hakuna anayeuliza yamemfikisha nani wapi.

Filamu ya Joe Berlinger na Bruce Sinofsky inajibu. Januari 2001 mpiga besi Jason Newsted aliondoka baada ya miaka 14. Katikati ya mwaka huo mwimbaji James Hetfield akaenda kutibiwa ulevi, baba aliyekosa siku mwanawe alipotimiza mwaka mmoja kwa sababu alikuwa Urusi akiwinda dubu. Miaka ishirini walikunywa, wakafoka, wakanyamaziana. Mshauri aliitwa nyumba ikiwa tayari inaungua, halafu analaumiwa yeye kwa moto!

Tazameni sehemu ya Dave Mustaine, mpiga gitaa wao wa zamani. Mwaka 1983 walimfukuza kwa ulevi, wakampandisha basi New York arudi kwao California. Akaanzisha bendi ya Megadeth, akauza rekodi kwa mamilioni. Kwa kanuni ya mtangazaji wetu, huyu ndiye dume: alimeza, akasonga mbele. Lakini mwaka 2001, ameketi uso kwa uso na mpiga ngoma Lars Ulrich, sauti ikimkwama, anamwambia alitamani siku ile wangemwamsha na kumwambia aende kwenye kikundi cha kuacha pombe. Miaka 18 ya umaarufu haikufuta neno ambalo rafiki hakulisema.

Eti “St. Anger”, albamu iliyotoka katika kipindi hicho, haina solo za gitaa, kwa hiyo ushauri ni sumu! Tangu lini afya ya mtu ikapimwa kwa solo? Wengine wanadai ushauri ni anasa ya matajiri, kwa kuwa mshauri huyo, Phil Towle, alilipwa dola 40,000 kwa mwezi. Alichokililia Mustaine hakina bei: vikundi vile havitozi hata senti.

  

Metallica haikufa. Robert Trujillo alichukua besi mwaka 2003 na yupo hadi leo. Mwaka 2019 Hetfield alirudi kutibiwa, ziara ikaahirishwa, wenzake wakamngoja. Mwaka 2023 wakatoa “72 Seasons”. Hiyo ndiyo bendi tunayoambiwa ilizikwa na mshauri.

Watangazaji, itazameni filamu kabla ya kufungua maikrofoni. Na wewe mwenye kaka anayerudi amelewa kila usiku, usimsifu kwa ukimya wake. Mwamshe, mwambie anahitaji msaada, kisha mfuate hadi mlangoni pa huo msaada.