Anayetaka kupanga safari za ndege aanze na mawingu ya Ziwa Victoria

Mtu aliyekulia Bukoba au Muleba hashangai kuamshwa na radi alfajiri. Sehemu nyingi za nchi huzoea mvua ya alasiri, jua likishachemsha ardhi. Mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria una tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa yenye ubaridi huteremka kutoka pande zote kuelekea ziwani. Ikikutana juu ya maji yenye joto hupanda pamoja na unyevu wake na kujenga mawingu mazito ya radi. Pepo za mashariki huisukuma dhoruba hiyo hadi Kagera, ikafika watu wanapokunywa chai. Hiyo ni sababu mojawapo inayoifanya Bukoba ipate karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Saa hizo hizo ndipo ndege ya asubuhi kutoka Dar es Salaam hukaribia kutua.

Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka ziwani jirani kabisa na kiwanja cha Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, na wavuvi ndio waliowahi kufika kuokoa. Taarifa ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba ndege ilikuta hali mbaya ya hewa, ikazunguka angani kusubiri, kisha wakati wa kutua mtambo wa tahadhari ukalia kwamba inashuka kwa kasi kupita kiasi. Makala haya hayatafuti wa kulaumiwa. Yanauliza kijana wa Kagera anayetaka kazi ya kupanga safari za ndege afundishwe nini kuhusu anga la kwao.

Kazi hiyo abiria haioni. Mpangaji, ambaye wenye kazi humwita dispacha, hubaki ardhini akikokotoa mafuta, uzito, njia na kiwanja cha akiba, kisha humkabidhi rubani mpango wa safari. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka mwenye leseni yake awe ametimiza miaka 21 na awe amefaulu, pamoja na mengine, somo la hali ya hewa. Marekani imekwenda mbali zaidi: ndege ya ratiba haiondoki mpaka dispacha na rubani wote wakubali kwamba safari ni salama. Sheria yao ya usafiri wa anga ya 1938 ilitungwa miaka mitatu baada ya ndege ya TWA kuanguka Missouri, ikiwa imebanwa na ukungu huku mafuta yakipungua. Seneta Bronson Cutting alikufa katika ajali hiyo.

Hapa kwetu ni rahisi somo la hali ya hewa kugeuka somo la kukariri. METAR ni taarifa ya hali ilivyo kiwanjani kwa wakati huo. TAF ni utabiri wa kiwanja hicho kwa saa zijazo. TS ni radi, RA ni mvua, CB ni wingu la radi, na 9999 ni uwezo wa kuona kilomita 10 au zaidi. Saa huandikwa kwa majira ya kimataifa, kwa hiyo 0500Z ni saa 2 asubuhi Bukoba. Mwanafunzi mwepesi huyameza hayo kwa muda mfupi. Kigumu ni kuamua.

Chukua ndege hiyo ya asubuhi. Dispacha lazima afikirie kiwanja cha akiba. Mwanza iko takriban kilomita 175 kutoka Bukoba, na Entebbe iko karibu umbali huo huo, lakini vyote viwili viko ufukweni mwa ziwa lile lile, na dhoruba inaweza kutanda katikati ya njia. Kigali iko kama kilomita 200, ila ni upande wa nchi kavu. Baada ya hapo yapo mafuta. Kanuni za kimataifa zinaitaka ndege ya injini za tabini ibakiwe na akiba ya dakika 30 hata ikifika kiwanja cha akiba. Akitaka rubani aweze kuzunguka na kusubiri mvua ipite, aongeze mengine. Lakini mafuta ni uzito, na njia ya kurukia ya Bukoba ina urefu wa takriban kilomita moja na nusu, ikiwa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ikilowa, ndege nzito huhitaji nafasi zaidi ya kusimama. Akizidisha mafuta, huenda akalazimika kushusha mizigo au abiria. Akiyabana, anampunguzia rubani muda wa kufikiri. Pengine jibu bora ni kuchelewesha safari kwa saa moja na kuvumilia manung'uniko ya abiria.

Uamuzi huo haufanywi na mtu asiyejua wingu la radi linafanya nini. Wingu hilo huweza kumwaga hewa baridi kwa nguvu hadi chini, ikasambaa pande zote. Ndege inayotua hukutana kwanza na upepo wa mbele unaoinyanyua, mara upepo wa nyuma unaoinyima nguvu ya kuelea, ikiwa tayari karibu na ardhi. Hivyo ndivyo ndege ya Delta ilivyoanguka Dallas Agosti 2, 1985, na kuua watu 137.

Wapo watakaosema kompyuta zimemaliza kazi hiyo. Zinasaidia, na rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliyoko Mwanza inasaidia pia. Lakini modeli za dunia hugawa anga katika miraba ya kilomita kadhaa, na wingu moja la radi laweza kupenya humo bila kuonekana. Katikati ya ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, vituo vya kupimia ni haba. Wavuvi wa dagaa wa visiwa vya Bumbire na Goziba huwa majini usiku, saa zile zile dhoruba zinapojijenga. Wanachokiona hakichukui nafasi ya METAR, lakini kinafaa kulinganishwa na kumbukumbu za kituo cha Bukoba.

Mjadala wa kujenga kiwanja kipya Omukajunguti, Missenyi, ni wa miaka mingi. Kiwanja kipya kinaweza kuwa na njia ndefu zaidi. Dhoruba za ziwa zitabaki pale pale.

Kwa hiyo vyuo vinavyoandaa madispacha vibadilishe mtihani. Mwanafunzi apewe METAR na TAF za Bukoba za wiki nzima ya Aprili au Novemba, aulizwe ndege iondoke saa ngapi, ibebe mafuta kiasi gani na ikishindwa kutua iende wapi, kisha atetee jibu lake mbele ya rubani. Na kijana wa Muleba mwenye ndoto hiyo asingoje chuo: ashike Fizikia na Jiografia, na aanze kuandika kila asubuhi mvua imeingia saa ngapi na imetokea upande gani.