Mpimeni Maskini Kabla Hajachagua

Kila mwaka, Waziri wa Elimu akishatangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, Kenya nzima huingia katika shangwe. Watoto waliopata A hubebwa juu juu wapigwe picha, mama zao wakapiga vigelegele, na mwalimu mkuu akatajwa redioni. Shangwe hiyo ni halali yao, wala simwonei mtu kijicho. Ninayotaka kuyasema leo ni ya miezi inayofuata, wakati ngoma imekwisha na mtoto wa maskini aliyepata C+ au zaidi, alama inayomfungulia mlango wa shahada, amekaa mbele ya kompyuta ya watu akiambiwa achague kozi na chuo. Huchagua pasi na kujua Serikali itamlipia kiasi gani. Jibu humjia baadaye, akishapangiwa nafasi na KUCCPS, akishaomba ufadhili na mkopo kwenye tovuti, na pengine nguo zake zimo sandukuni tayari. Jambo hili limepinduliwa kichwa chini miguu juu, na ndilo nitakalolishikilia hadi mwisho.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1974, na mwaka 1995 Bunge likaunda HELB isimamie mikopo hiyo. Tangu miaka hiyo ya tisini, kila mwanafunzi aliyeingia chuo cha umma kwa udhamini wa Serikali alitozwa shilingi 16,000 za masomo kwa mwaka, awe binti wa waziri au kijana wa bawabu. Hesabu hiyo ilijulikana hadi vijijini. Mzee aliweza kusema, "Huyu akifaulu, nauza ng'ombe mmoja," na akawa amesema kweli.

Hata hivyo mimi si mmoja wa wanaoililia zamani hiyo. Ilikuwa na dhuluma yake. Tajiri aliyemsomesha mwanawe shule ya kifahari kwa mamilioni alikuja kupokea ruzuku ile ile aliyopokea mjane wa Ganze, na vyuo vikazama katika madeni kwa kuwa fedha za Hazina hazikutosha kamwe. Kwamba kila mtu asaidiwe kwa kadiri ya uhitaji wake ni jambo la haki. Hata zaka ina watu wake, wametajwa makundi manane, wala tajiri hayumo. Ugomvi wangu si na nia ya mfumo mpya. Ni na namna unavyompima mtu, na wakati unapompima.

Mfumo wenyewe ulitangazwa na Rais William Ruto Mei 2023, ukaanza na waliofanya mtihani wa 2022. Mwanzoni wanafunzi waligawanywa makundi manne, na wale wa makundi mawili ya chini waliahidiwa kwamba familia zao hazitatoa hata ndururu. Baadaye makundi manne yakawa bendi tano, na ahadi ile ikafutika kimya kimya. Sasa hata aliye chini kabisa ana fungu lake la kulipa. Bendi ya Kwanza ni ya familia zenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi: ufadhili ni asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo 25, na nyumbani 5. Bendi ya Pili hufika 23,670, na hapo ufadhili ni 60, mkopo 30, nyumbani 10. Ya Tatu hufika 70,000, ufadhili 50, mkopo 30, familia 20. Ya Nne hufika 120,000, na familia hubeba 30. Walio juu ya hapo hubeba 40.

Zitazame tarakimu hizi kwa karibu, maana shetani hupenda kujificha ndani ya hesabu. Mchukue mama anayeuza mchicha na sukuma wiki pale soko la Kongowea. Fomu inauliza kazi ya mzazi na mapato yake. Mapato gani? Kuna siku anarudi na mia nne, kuna siku mvua imenyesha na mboga zimeoza, kuna wiki nzima anauguza mtoto. Kijana wa saiba, ambaye foleni imemfika mlangoni, anamhimiza: "Mama, nipe namba moja tu." Mama anasema mia mbili kwa siku. Zidisha kwa siku 30, unapata 6,000. Kwa shilingi tano, mama yule ameiacha Bendi ya Kwanza na kuingia ya Pili! Ikiwa kozi ya mwanawe ni ya shilingi 200,000 kwa mwaka, fungu la nyumbani limeruka kutoka 10,000 hadi 20,000. Ni kweli kwamba kipimo chenyewe hakitazami namba hiyo peke yake. Lakini hayo mama atayajuaje?

Panda juu kidogo utaona la pili. Mwenye mshahara wa 24,000 na mwenye 69,000 wote wamo Bendi ya Tatu. Kwa kozi ile ile, kila mmoja atatoa 40,000 kwa mwaka. Yule wa pili atanung'unika kisha alipe. Yule wa kwanza atakuwa ametoa mshahara wa mwezi mmoja na zaidi ya nusu ya mwezi mwingine, kwa mtoto mmoja, kabla hajanunua unga.

Husemwa kwamba kipimo huangalia mengi: hali ya wazazi, ukubwa wa familia, eneo analotoka mwanafunzi na kama limeachwa nyuma, ulemavu, aina ya kozi, jinsia, na gharama ambazo nyumba hiyo tayari inazibeba za kusomesha wengine. Orodha hii ni nzuri, nami sina la kuongeza. Kasoro ni kwamba mzazi haoni kila jambo limepewa uzito gani. Ni kama kununua mchele kwa muuzaji anayepima nyuma ya pazia. Pengine pishi lake ni la haki kabisa, lakini wewe unaondoka na dukuduku, na siku kikapu kikiwa chepesi huna pa kuanzia kulalamika. Kipimo cha ukoo huo huo ndicho kilichoingizwa kwenye bima ya afya ya SHA kukadiria mchango wa wasio na mshahara, na manung'uniko yamekuwa yale yale. Serikali haikosi la kujibu: ikiuanika mzani wote, wajanja watajua pa kubonyeza. Hoja hiyo ina ukweli, lakini wajanja wana njia zao hata gizani. Anayepotea gizani ni mtu mnyoofu.

Mambo haya yamefika hadi mahakamani. Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliubatilisha mfumo huu, akaona una ubaguzi na kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo, kama Katiba ya 2010 inavyoagiza. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasitisha hukumu hiyo, na bendi zikaendelea kutumika. Mawakili wana kazi yao, waacheni waifanye. Sisi tulio nje ya mahakama tuna watoto ambao hawawezi kungoja majaji wamalize.

Narudi kwenye lile la wakati. Mtoto anapochagua kozi akiwa hajui bendi yake, hofu ndiyo inayomchagulia. Binti wa mvuvi wa Kipini mwenye alama za kusomea udaktari anasikia kwamba kozi hiyo ni laki kadhaa kwa mwaka. Anajua nyumbani hakuna hata elfu kumi. Hakuna anayemwambia kwamba akipata Bendi ya Kwanza fungu la nyumbani ni asilimia tano tu, na kwamba harambee ya kijiji yaweza kulipata. Basi anajaza kozi ya bei ndogo, na alama zake nzuri zinakwenda kukaa mahali pasipo pake. Huyo haonekani katika takwimu yoyote ya malalamiko, kwa sababu hakulalamika. Mtoto wa mwenye nacho, ambaye baba yake atalipa lolote liwalo, huchagua kwa utulivu. Waswahili walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Sasa tumeongeza kumnyima hata kujua pepo zinavuma kutoka wapi.

Mtu ataniambia kuna rufaa. Naam, ipo, na aliyewekwa bendi isiyomfaa aweza kuomba apimwe upya. Lakini rufaa ni ya anayejua kwamba ipo, mwenye bando la intaneti, mwenye stakabadhi mkononi, na mwenye nauli ya kufuatilia. Tena huja wakati muhula umeanza na ofisi ya karo inamtazama kijana kwa jicho kali.

Enyi wazazi wenzangu, nisionekane kama ninaigombeza Serikali peke yake. Wamo miongoni mwetu watu wenye nyumba za kupangisha wanaojiandika vibarua. Wamo, na hili linasemwa waziwazi mitaani, waliomwua baba kwa karatasi: mzee yuko barazani anakunywa kahawa, na huku cheti cha kifo chake kimepelekwa ili kijana ahesabiwe yatima. Kila anayejipenyeza bendi ya chini kwa uongo anamsukuma mwenzake juu, maana kapu la fedha ni moja. Ukimwibia asiyekuwa na kitu halafu ukaenda kumwombea dua mwanao afaulu, unaomba kwa mikono ipi?

Nanyi machifu na manaibu wenu, mnaoandika barua za kuthibitisha hali ya familia, mnajua kuliko kompyuta yoyote nani anashinda njaa katika lokesheni yenu. Barua hiyo isiuzwe kwa chai. Nanyi vijana mliokwisha kusoma kwa mkopo wa HELB na sasa mna ajira, mkopo ule una riba ya asilimia 4, wala hakuna benki mtaani itakayowapa bei hiyo. Fedha mnazozikalia ndizo zinazongojwa na mdogo wenu. Asiye na kazi simsemi, huyo ana mzigo wake.

Yako mengine ya mfumo huu ambayo nitayagusa kwa haraka. Anayesoma chuo kikuu cha binafsi hupata mkopo lakini ufadhili hapati, hata awe fukara wa kutupwa. Mimi naona fukara ni fukara popote alipo, ingawa naelewa kwa nini Hazina imeshika mkono wake. Na basari za mfuko wa maeneo bunge, NG-CDF, na za kaunti, ambazo kila moja ina fomu yake, tarehe yake na mwanasiasa wake, zingefaa zijue mwanafunzi yupo bendi gani. Leo mtoto mmoja hupata tatu kwa kuwa mjomba wake anafahamika, na jirani yake akakosa zote.

Sasa nasema lifanyike nini. Kwanza, wapo maskini ambao Serikali yenyewe imekwisha kuwatambua. Familia zilizo katika mpango wa Inua Jamii, zinazopokea shilingi 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya mayatima au watu wenye ulemavu mkubwa, zilichunguzwa kabla ya kuandikishwa. Watoto waliosomeshwa shule za upili kwa Elimu Scholarship walipimwa pia. Kwa nini hawa wapimwe tena kana kwamba wameshuka kutoka mwezini? Waingie Bendi ya Kwanza moja kwa moja, bila fomu ndefu. Majirani zetu wa Tanzania wana matatizo yao, na kwao msaada mkubwa ni mkopo na si ufadhili. Hata hivyo Bodi yao ya Mikopo hutoa mwongozo kila mwaka unaotaja kwa jina makundi ya wahitaji, yakiwemo ya watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa TASAF, na mwombaji huambiwa mapema alete karatasi gani kuthibitisha. Mtu hukosa akijua amekosa nini.

Pili, mipaka ya mapato isiwe makali ya kisu. Anayevuka kwa shilingi tano asiongezewe mzigo maradufu, fungu la familia lipande kidogo kidogo kadiri mapato yanavyopanda. Wataalamu wa hesabu tunao wa kutosha, na wengi wao walisomeshwa kwa fedha hizi hizi.

La tatu ndilo kubwa. Mtihani wa KCSE humalizika Novemba, na matokeo hutoka Januari. Katikati kuna wiki kadhaa ambazo watahiniwa wako nyumbani, wazazi wao wapo, machifu wapo, na shule zina majina yao wote. Kipimo kifanyike hapo, kila mtahiniwa apewe bendi yake kwa barua na kwa ujumbe wa simu, na rufaa isikilizwe kabla KUCCPS haijafungua dirisha la kuchagua. Kisha kwenye tovuti ya uchaguzi, kando ya jina la kila kozi, iandikwe kwa shilingi: ufadhili wako huu, mkopo wako huu, nyumbani mtatoa hiki. Wabunge mliomo katika Kamati ya Elimu, anzeni na hilo katika bajeti ijayo. Nanyi wazazi wa kidato cha nne, msingoje Bunge: tafuteni sasa vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, na vyeti vya vifo kwa waliofiwa kweli, maana anayeanza kukimbilia ofisi za usajili mwezi wa Agosti hukuta foleni ya kaunti ndogo nzima imemtangulia.